Samani za kale zisiuzwe kwa bei ya kuni

KATIKA nyumba nyingi za pwani yetu, kuanzia Tanga, Pangani na Bagamoyo hadi Kilwa, Unguja na Pemba, bado vipo vyombo vya mbao vilivyotengenezwa kabla ya wenye nyumba hizo kuzaliwa. Kuna makasha ya njumu za shaba, vitanda vya samadari vyenye matendegu yaliyokerezwa, meza za watoto wawili, na viti ambavyo siku hizi kazi yake ni kuanikia nguo. Wengi walivyovirithi huviona ni mzigo. Kimoja kimevunjika tendegu, kingine bawaba zimeng'oka, na mrithi anataka sofa.

Hapo ndipo anapoingia mnunuzi. Hupita mtaa kwa mtaa akiuliza kwa upole kama kuna "vitu vya zamani", hulipa taslimu na kuondoka. Baada ya wiki chache kasha lile lile liko dukani, limesafishwa, na bei yake imeandikwa kwa dola. Hatumlaumu mnunuzi, kwani anafanya biashara. Tunachosema ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti kati ya bei hizo mbili ni kazi ya fundi seremala, na kazi hiyo ingeweza kufanywa kabla kasha halijatoka nyumbani, faida ikabaki kwa mwenye mali na kwa fundi wa mtaani kwake.

Jambo hili lina uzito zaidi leo kwa sababu ya mbao zenyewe. Mvule, mninga na mkongo, ambao watu wa pwani huuita mbambakofi, si miti ya kukua kwa msimu mmoja kama mahindi. Mwaka 2007 shirika la TRAFFIC lilitoa ripoti kuhusu uvunaji holela wa magogo kusini mwa Tanzania, ikionyesha kuwa Serikali ilikuwa ikikusanya sehemu ndogo mno ya mapato iliyostahili. Mwaka 2016 mkataba wa CITES uliingiza jamii nzima ya mpingo katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa huhitaji kibali, na mwaka 2022 ikafuata miti ya Afrika ya jamii ya mkongo na mninga. Inafaa wafanyabiashara wasome vizuri uamuzi huo wa 2022, kwa sababu unagusa magogo, mbao zilizopasuliwa na mbao za tabaka. Haugusi kiti kilichokamilika.

Sasa mwenye kasha la zamani ana mbao ambazo zimekauka kwa miaka 80 au 100. Hazipindi wala kupasuka kirahisi kama mbao mbichi. Fundi wa Keko anayetengeneza kabati kwa mbao zilizopasuliwa mwezi uliopita anajua thamani ya jambo hilo, maana milango ya kabati lake itaanza kugoma kufunga kabla mteja hajamaliza kulipa deni.

Lakini tuseme ukweli. Vyombo vingi vya kale haviuawi na mchwa wala fukusi. Vinauawa na ukarabati mbaya.

Fundi akiletewa kasha chakavu, jambo la kwanza analofikiria ni msasa wa mashine. Analikwangua mpaka mbao inakuwa nyeupe, analipaka vanishi inayong'aa kama kioo, anapigilia misumari ya chuma pale njumu zilipodondoka, na mteja anafurahi kwamba kimekuwa kipya. Kumbe ameondoa kile kile ambacho mnunuzi anayejua angelipia. Rangi ile ya giza kwenye pembe, mikwaruzo ya mikono ya watu watatu au wanne wa ukoo mmoja, alama za patasi upande wa ndani, ndivyo vinavyothibitisha umri wa chombo. Vikishatoka havirudi.

Ukarabati wa kweli huanza kwa kutazama. Chombo hupinduliwa na kukaguliwa chini na nyuma, kwa sababu mbele kila mtu hupapamba. Fundi atambue ni mbao gani. Makasha mengi tunayoyaita ya Zanzibar ni ya msaji na yaliletwa na majahazi kutoka India na Ghuba, na kumwambia mteja hivyo si kulishusha hadhi kasha hilo. Kisha huja kusafisha, kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, na kukausha hapo hapo. Uchafu mwingi hutoka bila msasa wowote.

Kwenye viungo ndipo fundi mzuri hujulikana. Samani nyingi za kale ziliunganishwa kwa ulimi unaoingia katika tundu, zikashikwa kwa vigingi vya mbao au kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Gundi hiyo hulegea kwa joto na unyevu, kwa hiyo kiungo hufunguliwa bila kuvunjwa. Anayemwagia epoksi humo anamfungia njia fundi atakayekuja baada ya miaka 30. Huyo itambidi akate. Pakihitajika kiraka, kiwe cha mbao ile ile na nyuzi zake zielekee upande ule ule. Shaba irudishiwe shaba, kwani chuma katika hewa ya chumvi hupata kutu haraka na kuichafua mbao inayokizunguka. Na mwisho, badala ya vanishi, nta. Nta ya nyuki ya Tabora husafirishwa kwenda nchi za nje, nasi tunanunua polishi ya kopo kutoka huko huko. Mfugaji nyuki anayesoma ukurasa huu aone hapo soko dogo lililo karibu naye.

Kazi ya namna hii huchukua siku, na siku hizo hazilipwi. Tuchukue mfano. Fundi ameletewa kitanda cha samadari kilichovunjika tendegu moja. Mbao ya kukerezea ni Sh20,000. Kwa mazoea atataja Sh50,000, kwa kuwa mteja anasema "ni mguu mmoja tu". Lakini kukifungua kitanda, kutafuta mbao inayofanana, kukereza kwa kufuatisha matendegu matatu yaliyobaki na kulinganisha rangi ni kazi ya siku nne. Ukitoa mbao, gundi na nauli, amebakiwa na kitu kisichofika Sh7,000 kwa siku. Hawezi kuishi hivyo, na ndiyo maana anakimbilia msasa wa mashine. Fundi aandike siku zake kwenye daftari na amwonyeshe mteja kabla ya kuanza. Mteja naye akumbuke kwamba anakarabatiwa mali inayoweza kupanda thamani, tofauti na kabati la mbao za maranda zilizogandishwa kwa gundi, ambalo likilowa mara moja limevimba.

Kuna wanaoiharibu biashara hii kwa ujanja. Kasha la mwaka jana hupakwa dawa ya viatu, likaachwa mvuani wiki mbili, kisha likauzwa kwa mtalii kama la enzi za Sultani. Mtalii si mjinga siku zote, na akigundua hatarudi wala hatamtuma rafiki yake. Kasha jipya lenye nakshi nzuri lina bei yake halali. Liuzwe kwa jina lake.

Wengine huingia matatani kwa kutojua sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya 1940, kwa hiyo anayeng'oa mlango wa nakshi wa nyumba ya babu yake Bagamoyo ili auze nje bila kibali anavunja sheria hata kama nyumba ni yake. Viti vya enzi vilivyopambwa kwa pembe za ndovu navyo vina kizuizi chake, kwani biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989. Kiti kama hicho kinaweza kukarabatiwa na kukaa sebuleni. Asimuuzie msafiri atakayenyang'anywa uwanja wa ndege.

Kwa upande wa ubunifu, mafundi wetu wengi hubuni kwa simu. Mteja huja na picha ya sofa ya Uturuki, fundi huiiga, na jirani yake huiiga ya kwake. Hakuna anayejitofautisha, hivyo wanabaki kushindana kwa kushusha bei. Wakati huo huo, kila chombo cha kale kinachofunguliwa kwa matengenezo kina mafunzo ya bure ndani yake: unene wa mfumbati, mteremko wa mgongo wa kiti, ukubwa wa tundu kulingana na ulimi. Fundi apime na kuchora kabla hajafunga. Baada ya vyombo kumi atakuwa na daftari la michoro ambalo hakuna mwenye duka la samani za kontena anayelo, na anaweza kumtengenezea mteja wa leo kitanda cha sita kwa sita chenye matendegu ya samadari, au kasha fupi la kuwekea televisheni.

Tungependa kuona VETA na Chuo cha Viwanda vya Misitu kilichopo Moshi wakiweka kozi fupi za ukarabati wa samani kwa mafundi walio kazini tayari, zifundishwe na wazee wa kazi hiyo wakiwa bado na nguvu, hata kama hawana vyeti. Hoteli za Mji Mkongwe, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, hujipamba kwa vyombo hivi. Zingeweza kuingia mikataba ya matengenezo ya mwaka na karakana za hapo hapo badala ya kusubiri kiti kivunjike chini ya mgeni.

Na mwenye kasha, kabla hujamjibu mnunuzi aliyesimama mlangoni, lipige picha, lipindue ulitazame chini, kisha waite mafundi wawili tofauti wakupe gharama za matengenezo. Mnunuzi aambiwe arudi wiki ijayo. Kama kweli analitaka, atarudi.