Skuli inafundisha mazingira, nyumba inafuta



Nendeni ufukwe wowote wa Muscat asubuhi baada ya sikukuu, kabla wafanyakazi wa baladia hawajafika. Mtakuta sahani za foili, vijiti vya mishkaki, vikombe vya karaki, chupa za maji zilizonywewa nusu, na mkaa ambao bado una moto chini ya mchanga. Kisha ingieni skuli yoyote ya mji huohuo muangalie kuta zake: kasa wamechorwa, miti ya mikoko imechorwa, na juu yake maandishi makubwa ya kututaka tulinde mazingira. Waliochora ndio haohao waliokuwa ufukweni jana, pamoja na baba na mama zao.

Nimefundisha baiolojia na jiografia katika skuli ya sekondari ya misheni huko Mombasa mpaka nikastaafu, na sasa sehemu kubwa ya mwaka niko Oman kwa wanangu. Kwa hiyo nasema kama mwalimu. Rai yangu ni hii: somo la mazingira watoto wetu wanalipata, tena zuri kuliko tulilolipata sisi. Lakini likifika nyumbani linafutwa, kila siku, na wanaolifuta ni watu wazima wa nyumba.

Hebu tuanze na mti mmoja ambao kila mtu wa Muscat anaupita kwa gari. Mtaa wa Qurm umepewa jina la mti, na mti wenyewe ni huu sisi wa pwani tunaouita mchu. Oman ina aina hiyo moja tu ya mikoko. Kwetu Afrika Mashariki ziko nyingi: mkoko wenyewe, mkandaa, muia, mlilana, mkomafi, na huyuhuyu mchu. Hifadhi ya Qurm ilitengwa mwaka 1975, na mwaka 2013 ikaingizwa katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa, ile ya Ramsar.

Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia walambe jani la mchu. Wanacheka, wanalamba, wanakuta chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kwa majani. Tena angalieni chini yake: vijiti vingi vimechomoza kwenye tope kama penseli. Ile ni mizizi inayopumua, kwa sababu tope halina hewa. Katikati ya vijiti vile samaki wachanga na kamba wanajificha wasiliwe, kaa wanavuta majani yaliyoanguka mpaka mashimoni mwao, na tope linalokuja na maji ya wadi linanaswa palepale lisiende kuwafunika matumbawe nje. Mti, kaa, tope, samaki na matumbawe, kila mmoja anamtegemea mwenziwe. Hicho ndicho vitabu vinachokiita mfumo wa ikolojia.

Sasa chukua mfuko mmoja wa plastiki, uje na upepo, ukae juu ya vijiti vile. Mizizi iliyozibwa haipumui. Mifuko ikiwa mingi mti unadhoofika na kufa, kisha kaa anahama, kamba wanakosa pa kukulia, na miaka michache baadaye mtu sokoni anauliza mbona kamba ghali hivi. Mfuko huo hakuutupa tajiri wa kiwanda. Umetoka kwenye pikniki ya mtu.

Na sisi familia za Waarabu wa pwani, mti huu una deni letu. Miaka na miaka majahazi ya Sur, ya Kuwait na ya Basra yalikuwa yanashuka na kaskazi yamebeba tende, na kurudi na kusi yamejaa boriti za Lamu na za delta ya Rufiji. Ukiingia nyumba kongwe za huku Ghuba, inua macho utaziona darini. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Misitu ya Lamu, ambayo mpaka leo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, iliezeka nyumba za bara Arabu. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kusafirisha boriti nje. Babu zetu walikaa chini ya mti huo wakapata kivuli. Wajukuu wanautupia taka.

Kuna atakayesema: mwalimu, haya ni mambo ya miti na kaa, sisi yanatuhusu nini? Yanakuhusu kwenye bilauri yako. Nchi za Ghuba zinakunywa bahari. Maji mengi ya bombani huku ni maji ya bahari yaliyotolewa chumvi. Na Ghuba yenyewe, inayopakana na Kuwait, Bahrain, Qatar na Imarati, wastani wa kina chake ni kama mita 35 tu, na mlango wake wa kutokea ni mmoja, Hormuz. Kinachoingia mle hakitoki upesi. Wenye kukumbuka wakumbuke mwishoni mwa 2008 mpaka 2009, pale mwani mdogo mno ulipozaliana katika bahari ya Oman na ya Ghuba mpaka maji yakageuka rangi. Samaki walikufa kwa maelfu ya tani, na baadhi ya mitambo ya kusafisha maji ikabidi isimame. Mwani wa namna ile hunenepa kwa uchafu wa vyoo na mbolea unaotiririkia baharini. Basi bahari ndiyo kisima chetu, na hakuna mtu mwenye akili anayetupa taka kisimani.

Turudi nyumbani sasa, maana ndiko ninakotaka tufike. Mjukuu wangu wa miaka kumi alinieleza habari za kasa wa Ras al-Jinz kwa ufasaha mkubwa: wanavyopanda usiku kutaga, wanavyochimba, vifaranga wanavyofuata mwanga wa bahari. Nikamuuliza, na taka za nyumba hii zinakwenda wapi? Akanitazama. "Dada anazitoa, bibi." Dada ni mtumishi wa nyumbani. Baada ya hapo taka kwake hazipo tena, zimetoka duniani. Huyu mtoto hajui pipa la baladia liko upande gani wa barabara, na si kosa lake. Hajawahi kutumwa.

Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko chupa za ufukweni. Mtoto anayekula akaacha sahani ikaondolewa, akafungua chokoleti akadondosha karatasi ikaokotwa, akashuka garini gari likasafishwa, anajifunza somo moja kila siku ya maisha yake: uchafu wangu una mtu wake, na mtu huyo si mimi. Somo hilo lina nguvu kuliko la mwalimu, kwa sababu mwalimu anasema mara moja kwa wiki na nyumba inasema mara ishirini kwa siku. Akifika ufukweni anafanya alichofundishwa. Pale mtu wake ni kijana wa Kibangladeshi mwenye fagio, kwenye jua la nyuzi arobaini na zaidi. Huko nyuma tulikuwa na msemo, mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Haukusema mwana umfundishavyo.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza, kwamba kusafisha ni kazi ya baladia na tunalipia. Sawa, baladia inafagia mchanga. Nani anafagia chini ya maji? Nyavu na kamba za uvuvi zilizoachwa baharini zinaendelea kunasa peke yake, na pwani ya Oman ina nyangumi wa nundu wasiozidi mia moja waliobaki, ambao kunaswa na zana za uvuvi ni moja ya hatari zao kubwa. Kisiwa cha Masirah, ambacho kimekuwa moja ya vituo vikubwa kabisa duniani vya kasa aina ya rimani kutagia, idadi yao imeshuka sana. Fagio halifiki huko.

La pili lina uzito zaidi: wachafuzi hasa ni meli za mafuta na viwanda, mfuko wangu mmoja ni nini? Kweli kabisa, mafuta yaliyomwagika Ghuba wakati wa vita vya 1991 yalifanya uharibifu ambao pikniki zote za dunia haziwezi. Wakubwa wawajibishwe, na sheria ziwepo. Lakini nani atakayewawajibisha? Mkurugenzi wa kiwanda na nahodha wa meli wa mwaka 2045 wako darasa la nne leo. Akikua anaamini kwamba uchafu wake una mtu wake, atafungua bomba la kiwanda kwa moyo uleule aliodondoshea kikombe.

La tatu ni sheria: serikali zimeshapiga marufuku, basi imetosha. Zanzibar ilianza na mifuko ya plastiki mwaka 2006, Kenya Agosti 28, 2017 kwa adhabu inayofika mpaka shilingi milioni nne au kifungo cha miaka minne, Tanzania nzima Juni 1, 2019, na Oman ikaanza Januari 2021. Nazisifu zote. Lakini angalieni mizigo yetu uwanja wa ndege tunapokwenda kwetu: zawadi ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko. Sheria inakukamata mkono, kulea kunaushika moyo.

Na hapa niseme neno ambalo halitapendwa. Wengi wetu tunajenga nyumbani kwa pesa za Ghuba: Mombasa, Malindi, Unguja, Pemba. Tunatuma pesa, fundi anatuma picha. Ni wangapi wanaomuuliza fundi boriti za kushikilia zege zimekatwa msitu gani? Mchanga umechimbwa wapi? Kiwanja kile "karibu na bahari" kilikuwa nini kabla hakijajazwa kifusi? Na choo kitamwaga wapi? Mtu anamfundisha mwanawe Muscat asitupe chupa, na huku nyumba yake ya Mombasa inasimama pale mikoko ilipokuwa. Mtoto anaona. Watoto wanaona kila kitu.

Kwa hiyo nashauri nini? Si makubwa. Kila mtoto aliyetimiza miaka saba apewe zamu ya kutoa taka mpaka pipani, hata kama nyumba ina watumishi watatu. Joto? Atoe baada ya magharibi. Mkienda wadi au ufukweni, mfuko wa taka uwe wa kwanza kuingia garini, na watoto ndio waujaze, pamoja na kamba na ndoano watakazozikuta za wengine. Chuoni tumefundishwa sote kwamba kuondoa cha kuudhi njiani ni katika imani. Basi ufukwe nao ni njia.

Likizo mkiwapeleka kwao, msiishie Forodhani na mahoteli. Wapelekeni Chwaka waone mikoko. Wapelekeni Gazi, kusini ya Mombasa, ambako kina mama wamejenga daraja la mbao mtu akapita katikati ya msitu miguu mikavu, na ambako wanakijiji wanalinda mikoko yao kwa mpango wa Mikoko Pamoja, wanauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti ile, na pesa zimeleta maji na vitabu vya skuli. Mwacheni mtoto alambe jani. Mpeni jina la mti kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, mchu na qurm, ajue ni mti mmoja kwao huku na kwao kule.

Na unapotuma pesa za ujenzi, tuma na maswali.

Skuli imeshafanya yake. Leo jioni, baada ya chakula, usimwite dada. Mwite mwanao, umkabidhi mfuko, na umuoneshe pipa liko wapi.