Darasa la simu: intaneti ilipozimwa ndo nikajua biashara yangu ni ipi



Juzi nimepigiwa simu na dada mmoja wa Dodoma, mpika keki. Kaniuliza swali moja tu: "Dada fundi, hivi haya madarasa ya simu yanakuza biashara kweli, au ni kujichosha?" Nilimjibu kwa kirefu mpaka salio lake likakata! Baadaye nikaona si vibaya hoja hii niilete hapa, maana najua wengi mnajiuliza hivyo hivyo.

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro. Tangu 2021 nafundisha kukata na kushona kwa simu. Ada ni shilingi 10,000 kwa wiki mbili. Kwa hiyo ninayosema hapa nimeyapitia mwenyewe.

Kwanza tujue jambo hili lilianzia wapi. Darasa la simu halikuanza na WhatsApp. Kule Marekani miaka ya 1990 kulikuwa na jamaa anaitwa Thomas Leonard, mshauri wa mambo ya fedha. Mwaka 1992 alianzisha Coach University, chuo cha watu wanaotaka kuwashauri wengine kuhusu kazi na maisha, na masomo yalikuwa yanatolewa kwa simu. Wanafunzi walikuwa wanapiga namba moja kwa saa moja, kila mtu akiwa kwake, mwalimu anaongea na wao wanauliza. Hakuna picha, hakuna video. Washauri wengi wakaiga, na biashara ikawa hivi: somo la kwanza unatoa bure, watu wanakusikia, wanakupima, wakikuamini wanalipia linalofuata. Na kila anayepiga anajilipia simu yake. Hilo la mwisho mliweke kichwani, nitalirudia.

Kwetu mambo yalikuja kivingine. M-Pesa iliingia Tanzania 2008, ikawa rahisi mtu wa Sumbawanga kumlipa mtu wa Tanga bila kuonana. Baadaye zikaja simu za kupangusa, na ile 2020 ya corona, shule na vyuo vikafungwa, kila mtu akazoea kusoma kwenye kiganja. Leo mama wa sabuni ya maji ana darasa, mfuga kuku ana darasa, mpambaji wa maharusi ana darasa. Unafungua kundi, unapokea ada, unatuma sauti ulizorekodi na picha, baada ya wiki mbili unafunga. Rahisi kuliko kukodi ukumbi, au siyo?

Rahisi, ndiyo. Ila hapo hapo ndipo penye mtego. Nami nilinaswa.

Jumatatu ya Oktoba 27, 2025 nilifungua darasa jipya. Wanafunzi 40, wote wamelipa, yaani 400,000 mkononi. Siku mbili baadaye, Oktoba 29, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ikazimwa nchi nzima. Yaliyotokea siku zile mnayajua. Watu walipoteza maisha, na mbele ya msiba kama ule sketi ni kitu gani? Sitaki ionekane nalinganisha. Lakini niliyekaa ndani nilikuwa na hela za watu 40 na sina njia ya kuwafikia. Kundi langu lilikuwa limekuwa ukuta. Waliokuwa na mashaka nami tangu mwanzo, bila shaka walisema, "Huyo naye katukimbia."

Na hawangekuwa na kosa kuwaza hivyo. Binti mmoja ninayeshona naye aliwahi kulipa 50,000 kwa mtu aliyejiita mwalimu wa biashara mtandaoni. Alisikilizishwa maneno matamu siku tatu: amini, thubutu, utatoboa. Siku ya nne akauliza mtaji unaanzia ngapi, akatolewa kwenye kundi. Ndo mwisho wa masomo! Kila mwalimu mkweli anayefungua darasa leo anarithi hasira ya watu kama huyo binti.

Bahati yangu ilikuwa daftari. Mama yangu aliuza vitenge sokoni kwa kukopesha, na alinifundisha kuandika jina na namba ya kila mteja kwa mkono. Wenzangu walikuwa wananicheka. Ijumaa Oktoba 31 nikalifungua daftari, nikaanza kupiga simu ya kawaida. Nyingine zilipita, nyingine hazikupita. Wa kwanza kupokea, kabla sijasema kitu, aliniuliza, "Mwalimu, uko salama?" Siku ile hatukusoma. Tuliulizana hali tu.

Jumamosi na Jumapili nikajaribu kufundisha. Simu yangu inaweza kuunganisha watu watano kwa mpigo. Niliwapata 35, kwa hiyo ni makundi saba. Sasa sikilizeni hesabu. Ukiunganisha watu watano kwa nusu saa, mtandao haukuhesabii dakika 30, unakuhesabia kila laini peke yake: dakika 150. Mara makundi saba, ni dakika 1,050. Kifurushi gani hicho? Ndipo nikakumbuka Wamarekani wale, kila mtu anajilipia simu yake. Mimi nilibeba mzigo wote. Nikapunguza somo hadi dakika 15, bado zikawa 525, na nusu ya faida ya darasa ikaishia kwenye vocha.

Lakini kuna kitu sikukitegemea. Bila picha wala video, nikalazimika kusema kila hatua kwa mdomo: "Chukua futi kamba. Nyonga ni inchi 40, gawanya kwa 4, unapata 10. Ongeza inchi moja ya mshono. Weka alama. Umeweka? Nisomee." Mtu anasoma namba, mwenzake anasema yangu tofauti, tunatafuta kosa liko wapi. Kwenye kundi la WhatsApp wanafunzi 40 wanabonyeza dole gumba na sijui nani kaelewa. Kwenye simu ya watu watano hakuna pa kujificha. Wiki ile kulikuwa na wanafunzi walioniambia kuwa video zangu za nyuma hawakuwa wanazifungua kabisa, bando halitoshi. Miaka minne nafundisha watu wasioniona!

Jioni ya Novemba 3 intaneti ilianza kurudi. Wanne waliomba warudishiwe hela, nikarudisha 40,000 siku hiyo hiyo bila maneno. Waliobaki tukamaliza.

Sasa uchambuzi wangu, na ndo jibu nililompa yule dada.

Ada ya darasa yenyewe haikuzi biashara. Toa vocha, toa makato ya kutuma na kutoa hela, toa muda ambao ungeshona, kinachobaki ni kidogo. Mnakumbuka Julai 2021 tozo za miamala zilipoanza? Mwanafunzi wa 5,000 alianza kuhesabu kila makato, na mimi nikapunguza ada ili asikimbie. Ukitegemea ada tu, kila badiliko la tozo au bei ya bando linakupiga wewe kwanza.

Kinachokuza biashara ni yule mtu aliyefundishwa akafanikiwa kukata. Huyo atarudi. Wanafunzi wa darasa lile la Oktoba ndio leo wananiagiza zipu, uzi na bitana, natuma kwa basi. Mmoja wa Kilosa alipata kazi ya sare za shule Januari 2026, zikamzidi, akaniletea sketi 60 nimsaidie. Kazi ile moja ilinipa kuliko ada ya darasa zima. Na aliniletea mimi kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe ulinipigia."

Kwa hiyo mwenye mpango wa kufungua darasa, namshauri hivi. Namba za wanafunzi ziandike nje ya simu, na usizigawe kwa mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata isingekuwepo, namba ya mtu ni amana. Somo la kwanza toa bure, tena la ujuzi kamili, si la kutamanisha. Kundi liwe la matangazo na picha, lakini kila wiki wapigie wachache wachache, na gharama hiyo iweke ndani ya ada tangu mwanzo. Na sema mapema hela inarudishwa lini.

Mpika keki wangu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi mimi nina kundi la watu 200, na sijui namba ya hata mmoja kichwani." Nikamwambia anunue daftari.

Nyie wenzangu mnaofundisha au mliowahi kulipia, mmeonaje? Hasa mliolizwa, semeni bila kutaja majina ya watu. Tujifunze.

Nawasilisha.