Tahadhari: Ukiachishwa Kazi, Una Siku 30 Tu

Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe, kibarua wa mashine za mbao Mafinga, mhudumu wa hoteli Mbeya mjini: ukiachishwa kazi ukaona umeonewa, una siku 30 za kupeleka mgogoro wako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Madai mengine, kama mshahara uliozuiwa, yana siku 60. Ukichelewa bila sababu nzito, shauri linaweza kutupwa kabla hata hujaulizwa ulionewa vipi.

Jambo hili halingoji. Kipupwe kikiingia, Juni hadi Agosti, chai hupungua katika nyanda hizi, na mikono inayohitajika shambani hupungua nayo. Hapo ndipo kibarua huambiwa, "Nenda nyumbani, tutakupigia." Naye huanza kwa mwenyekiti wa kijiji, akatoka huko kwa diwani, kisha akarudi kwa mnyapara kuuliza habari za simu. Kote huko anakozunguka, siku zinahesabika.

Mazoea ya kungoja wakubwa yana historia: kwa muda mrefu mambo ya kibarua yalipangwa na wengine. Enzi za mkoloni, SILABU, wakala wa wenye mashamba ya mkonge, ilikusanya vijana wa Nyanda za Juu Kusini na kuwapeleka mkongeni Tanga, ambako kibarua alilipwa akishatimiza kipande chake cha siku 30 za kazi. Mwaka 1955 wafanyakazi wakapata shirikisho lao, TFL, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu. Mwaka 1964 serikali ikalivunja, ikaunda NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichofungamana na chama tawala, TANU. Mwaka huohuo Sheria ya Usalama wa Ajira ikaleta kamati za wafanyakazi, zilizoshirikishwa katika masuala ya nidhamu kazini. Uhuru wa chama ulipotea, lakini mfanyakazi alikuwa na pa kuanzia palepale kazini. Leo tunaongozwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Inampa mfanyakazi haki kubwa zaidi, ila mwenye kuanzisha shauri ni yeye mwenyewe, na kwa tarehe.

Jihadhari na mitego mitatu. Wa kwanza ni mikataba ya miezi mitatu mitatu. Kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na wapo wanaodhani kukatakata mikataba kunaifuta. Sivyo. Sheria inajumlisha miezi yote kwa mwajiri yuleyule, uwe mkataba mmoja au zaidi. Tunza kila karatasi.

Wa pili ni fomu ya "nimelipwa haki zangu zote". Usisaini usichokisoma, wala karatasi yenye nafasi tupu. Omba nakala.

Wa tatu ni kurudi kwenu kwanza. Mgogoro hufunguliwa katika ofisi ya CMA inayohudumia eneo ulikotokea. Aliyeachishwa Mufindi aende Iringa, hata kama kwao ni Tukuyu. Akifungua Mbeya, anaweza kurudishwa siku zimekwisha.

Basi fanya hivi. Andika tarehe uliyoachishwa. Hifadhi barua, ujumbe wa simu na karatasi za malipo. Jaza fomu CMA F.1, mpe mwajiri nakala na upate saini au muhuri wa kuipokea, kisha uiwasilishe Tume pamoja na uthibitisho huo. Kama ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, mwone kiongozi wa tawi. Kwa mashamba, chama kinachojulikana ni TPAWU. Lakini usimngoje: akichelewa yeye, umechelewa wewe.

Huna mkataba wa maandishi? Usikae kimya. Kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na asipoyatoa, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana unamwangukia yeye. Siku zimeshapita? Ipo fomu CMA F.2 ya kuomba kusikilizwa nje ya muda, lakini itakubidi ueleze kwa nini ulichelewa. "Nilikuwa nangoja simu" ni utetezi dhaifu.

Wenyeviti, madiwani na viongozi wa dini, mkijiwa na aliyeachishwa kazi, swali lenu la kwanza liwe, "Lini?" Kisha mwelekezeni CMA siku hiyohiyo.