Zitoeni Lenzi za Wazee Kabatini

Kama kwenu kuna kamera ya filamu iliyolala kabatini, darini au uvunguni mwa kitanda, wito huu ni wako. Usiitupe, usimpe mtoto aichezee, wala usimuuzie mnunuzi wa vyuma chakavu. Itoe, ipanguse vumbi, itazame lenzi yake kwenye mwanga. Kama ni lenzi inayotoka, kuna uwezekano mkubwa kwamba itafungwa kwenye kamera ya dijitali ya leo na kupiga picha ambayo wewe mwenyewe utataka kuitundika ukutani.

Hazina hii tunayo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio kule Zanzibar mwaka 1930. Mombasa palikuwa na studio ya N. V. Parekh, Lamu palikuwa na Omar Said Bakor, na mwaka 1963 Mohamed Amin alianzisha Camerapix akiwa Dar es Salaam. Hao ndio waliobahatika kuandikwa. Nyuma yao wako wengi ambao majina yao yanajulikana mtaani tu: waliopiga picha za harusi, za ubatizo, za mahafali na za vitambulisho, Tanga hadi Kisumu. Filamu ilipoadimika na maabara za kusafishia zikafungwa, vifaa vyao viliingia masandukuni. Wako pia wasiokuwa wapiga picha kabisa. Kama mzee wako alisoma Moscow au Leipzig miaka ya sitini au sabini, muulize alirudi na kamera gani. Usishangae akikutajia Zenit au Praktica. Kamera bila filamu haina kazi, nakubali, lakini lenzi haili filamu. Kazi yake ni kupinda mwanga, na mwanga haujabadilika.

Kinachowezesha jambo hili ni nafasi. Kamera za filamu zenye kioo cha ndani kinachopanda na kushuka zilihitaji uwazi kati ya mdomo, pale lenzi inapokaa, na filamu yenyewe. Kwenye Nikon, tangu 1959, uwazi huo ni milimita 46.5. Kwenye kamera za M42, zile ambazo lenzi yake hufungwa kwa kuzungushwa kama kifuniko cha chupa, ni milimita 45.46. Kamera mpya zisizo na kioo hicho zimekuwa nyembamba mno: Sony E ni milimita 18, Canon RF 20, Nikon Z 16. Basi anayetaka kuweka lenzi ya M42 kwenye Sony anatakiwa kujaza milimita 27.46, na zinajazwa na bomba fupi la chuma liitwalo adapta. Ndani yake hamna kioo, hamna waya, hamna mota, kwa hiyo hakuna kinachozuia mwanga. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya lenzi mpya.

Wenye kamera za dijitali za kioo nao wasikate tamaa. Canon EF ina milimita 44, hivyo M42 inaingia kwa adapta nyembamba. Nikon ndiyo ngumu kwa M42, maana uwazi wake umezidi: utapata vitu vya karibu tu, au ukubali adapta yenye kioo cha kusahihisha ambacho mara nyingi hupunguza ubora wa picha. Lakini mwenye Nikon ana lenzi za Nikon za zamani, ila zile za kabla ya 1977 amwonyeshe fundi kwanza, kwa kuwa baadhi hugota kwenye mdomo wa kamera za baadaye na kuvunja kitu.

Vijana wengi hununua adapta, wakafunga lenzi, wakaona kamera haipigi, wakakata tamaa siku hiyo hiyo. Kamera haijaharibika. Haioni lenzi, kwa sababu lenzi ya zamani haina chipu ya kuzungumza nayo. Ingia kwenye menyu, tafuta mahali pa kuruhusu kupiga picha bila lenzi, ruhusu. Weka kamera kwenye hali ambayo wewe unachagua apacha, yaani ukubwa wa tundu la kupitishia mwanga, na yenyewe inachagua kasi ya shata. Kama kamera yako ina mtambo wa kutuliza mtikisiko kwenye sensa, iambie kwa mkono kuwa lenzi ni ya milimita 50, au 58, au 135. Usipofanya hivyo itatuliza kwa kukisia. Na kama sensa yako ni ile ndogo ya APS-C, jua kwamba milimita 50 itakuonyesha kama 75, ambayo kwa picha za sura ni neema.

Kisha kuna kipini. Geuza lenzi ya M42 uitazame kwa nyuma: kwenye nyingi, pembeni ya kioo utaona msumari mdogo unaobonyea kwa kidole. Zamani kamera ndiyo iliyoubonyeza, na hapo vipande vyembamba vya apacha vikajifunga. Ukiiweka kwenye adapta isiyo na ukingo wa ndani wa kuubonyeza, utazungusha pete ya apacha mpaka uchoke, na tundu litabaki wazi daima. Baadhi ya lenzi zina swichi ya A na M ubavuni. Iweke kwenye M na tatizo limekwisha. Kama haina, nunua adapta yenye ukingo. Mwuzaji akikwambia zote ni sawa, mwombe aifunge lenzi mbele yako na uzungushe pete huku ukichungulia vipande vile vikicheza.

Kufokasi kwa mkono kunatisha kwa maneno tu. Kamera za leo hukupa rangi nyekundu au njano kwenye kingo za kitu kilichokaa sawa, na kitufe cha kukuza ili uione kope ya jicho. Fungua apacha hadi mwisho, fokasi, kisha funga kidogo kabla ya kupiga. Sisemi mpiga picha wa harusi aache lenzi yake ya kisasa. Bibi harusi akiingia ukumbini hakungoji. Mechi ya mpira hivyo hivyo. Lakini picha ya bibi amekaa barazani, fundi seremala kazini, chakula mezani, mahamri ya asubuhi yakitoa mvuke, hizo zote zinakupa muda.

Na matokeo yana ladha yake. Chukua Helios 44-2, milimita 58, f/2, ya Umoja wa Kisovyeti, iliyofuata muundo wa Biotar ya Carl Zeiss Jena. Mweke mtu mita mbili mbele yako, nyuma yake mwembe ambao jua linapenya majani, apacha wazi. Sura itakaa kali, na yale madoa ya mwanga yatazunguka nyuma yake kana kwamba upepo umeyashika. Lenzi mpya nyingi zimeundwa zisifanye hivyo. Mimi naona ni vizuri kijana awe na zote mbili mkononi ajichagulie, badala ya kuambiwa kwamba picha nzuri lazima ianze na mkopo.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike leo badala ya mwakani: fangasi. Pwani yetu ina joto na unyevu mwaka mzima, na fangasi wa lenzi hupenda giza, unyevu na hewa iliyotuama, yaani ndani ya mkoba wa ngozi ndani ya kabati. Fungua apacha, washa tochi ya simu, imulike lenzi kutoka nyuma na uchungulie kwa mbele kwa kuinamisha kidogo. Ukiona nyuzi nyembamba zinazotawanyika mithili ya utando wa buibui, ndiye huyo. Akiwahiwa, fundi hufungua na kufuta, na kioo kikabaki salama. Akiachwa, hula rangi ya juu ya kioo na baadaye kioo chenyewe, na hapo hakuna dawa. Kila masika inayopita lenzi ikiwa sandukuni ni hasara.

Itoe lenzi kwenye mkoba wa ngozi. Iweke kwenye boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipaketi vya chembechembe za kunyonya unyevu. Iguse, izungushe, itumie kila wiki. Usiianike juani ikiwa haina vifuniko, maana lenzi hukusanya jua na inaweza kuwasha moto. Usiifungue kwa bisibisi ya nyumbani.

Ninyi mafundi wa kamera mliobaki, nawaomba kwa heshima: mchukueni kijana mmoja akae pembeni yenu akitazama. Mikono yenu inajua namna ya kutoa grisi iliyoganda na mafuta kwenye vipande vya apacha, na ujuzi huo hauandikwi ukatosha. Walimu wa upigaji picha, tafuteni lenzi moja ya mkono iwe ya darasa. Mwanafunzi aliyezungusha pete ya apacha kwa vidole vyake na kuona tundu likifunga hahitaji kukaririshwa f/8 ni nini. Vijana, kabla ya kuagiza kitu mtandaoni, ulizeni kwa babu, kwa shangazi, kwa jirani aliyewahi kuwa na studio. Azimeni kwa adabu na rudisheni kwa wakati, pamoja na picha iliyochapishwa ya aliyewaazima.

Na ninyi wenye nyumba, jambo moja kabla hamjaitoa kamera: msifungue mgongo wake. Zungusheni polepole kile kishikio cha kurudishia filamu, upande wa kushoto juu. Kikikaza, huenda ndani mna filamu iliyopigwa na haijasafishwa, na mwanga utaifuta papo hapo. Picha za Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa akiwa kazini Biafra mwaka 1968, zilikaa miaka mingi ndani ya gereji Nairobi kabla hazijapatikana. Sandukuni mwenu mnaweza kuwa na za kwenu. Bahasha za negativu pia zisichomwe na takataka. Zitengeni mahali pakavu.

Mkimpa mtu lenzi, mwandikieni kikaratasi cha kukaa nayo ndani ya boksi: ilikuwa ya nani, alipiga mji gani, kuanzia mwaka gani hadi gani, na jina la studio kama lilikuwepo. Kama mzee mwenyewe yupo, mketisheni pamoja na huyo kijana aeleze yeye, na picha ya kwanza apigwe yeye.