Ushuru wa Shule Unaolipwa Getini

Nairobi ina ushuru wa shule. Hauko kwenye sheria yoyote na hakuna bunge lililowahi kuupigia kura. Unalipwa getini mwanzo wa muhula, na mzazi aliyeshika simu akisubiri ujumbe wa M-Pesa urudi: pesa za karatasi za mtihani, pesa za dawati, pesa za mlinzi, pesa za motisha ya walimu, pesa za yule mwalimu ambaye bodi ya shule ilimwajiri kwa sababu serikali haikumleta wa kwake. Asiyelipa, mtoto wake anarudishwa nyumbani saa tatu asubuhi akiwa na sare na begi, na mtaa mzima unamwona.

Katiba, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Lazima tunaiona. Hiyo bure ndiyo imekuwa kama ile "ofa" ya supamaketi, unaifikia kaunta unakuta bei ni ileile.

Kibaki alipofungua milango ya shule za msingi Januari 2003, mgao wa serikali ulikuwa shilingi 1,020 kwa kila mtoto kwa mwaka. Baadaye ukafika 1,420. Hiyo ni nyongeza ya mia nne tangu mtoto aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule hadi leo akiwa na watoto wake mwenyewe. Ndiyo, mishahara ya walimu wa TSC inatoka kando, sitaki kumdanganya mtu. Lakini gawa 1,420 kwa mihula mitatu uone unachobaki nacho cha maji, stima, karatasi na choo kilichoziba. Huko sekondari mgao ni 22,244, na Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliiambia kamati ya Bunge waziwazi kwamba serikali haiwezi kuumudu wote. Watu walimrukia. Mimi nilimshukuru kimoyomoyo, maana angalau mmoja alisema kile ambacho kila mwalimu mkuu nchini anakijua na hawezi kukitamka mbele ya kamera.

Nina jirani kwenye ploti yetu, mama wa watoto wawili, anayefua nguo za watu Buruburu. Siku njema anapata 500. Mwaka jana nilimwomba anitolee hesabu ya mtoto mmoja tu, aliye Gredi ya 6 katika shule ya umma ambayo sitaitaja. Hakuhitaji kufikiria, alifungua ujumbe wa simu tukahesabu pamoja. Muhula mmoja ulikuwa 2,300. Chakula hakimo, sare haimo. Kwa mwaka ni 6,900, karibu mara tano ya kile serikali inatoa kwa mtoto huyohuyo. Akifanya kazi siku sita kila wiki bila kuugua na bila mvua, anapata kama 156,000 kwa mwaka. Kwa hivyo mtoto mmoja katika shule ya bure anamla zaidi ya asilimia nne ya jasho lake.

Sasa tupande matatu hadi Upper Hill.

Ripoti za HassConsult zimekuwa zikiiweka ekari moja ya pale kwenye kama nusu bilioni. Kaunti hutoza ushuru wa ardhi, ule wenye ploti wanauita reti, na kiwango kilichowekwa juu ya thamani mpya za ardhi ni asilimia 0.115. Yaani shilingi moja na senti kumi na tano kwa kila elfu. Tuseme ekari hiyo imethaminiwa kikamilifu: reti yake kwa mwaka ni 575,000. Ukijenga ghorofa ishirini juu yake ni 575,000. Ukiweka magari ya kuegesha ni 575,000, kwa sababu reti zetu zinaangalia udongo, hazijali kilichosimama juu. Najua mshahara si kiwanja, na msomi wa uchumi atanikaripia kwa kulinganisha mapato na mali. Mimi sina digrii ya uchumi, wala digrii yoyote. Lakini mji unaomtoza mfua nguo asilimia nne ya jasho lake na kiwanja cha nusu bilioni sehemu ndogo kabisa ya asilimia moja umeshaamua ni nani atabeba shule, hata kama haujawahi kukaa kikao kuamua.

Halafu eti reti zimepanda sana. Tukumbushane zilikotoka. Kwa karibu miaka 40 kanjo ilitoza reti kwa kutumia daftari la thamani la 1982. Sheria ya wakati huo ilikusudia daftari jipya kila miaka kumi. Mashamba ya kahawa yakageuka estate, Thika Road ikawa na njia nane, bei za viwanja zikaenda mbinguni, na daftari likabaki 1982, mwaka ambao wengi wetu tunaosoma hapa wazazi wetu walikuwa bado hawajakutana. Daftari jipya lilipokuja, kilio kilisikika hadi Ngong. Mtu ambaye kiwanja chake kimepanda bei mara kumi bila yeye kuinua hata jembe analia kwamba anaonewa.

Landilodi wetu naye alilia, kwa karatasi iliyobandikwa ukutani kando ya mita za stima: kodi ya nyumba inaongezwa 500 kwa kila keja "kutokana na kupanda kwa rates". Tuko keja 20. Hiyo ni 10,000 kwa mwezi, 120,000 kwa mwaka. Nilikaa nikapiga hesabu kinyumenyume. Ili kiwanja kidaiwe reti ya 120,000 kwa asilimia 0.115, lazima kiwe na thamani ya zaidi ya milioni 100. Buda, hii ni ploti ya futi 50 kwa 100 huku Eastlands, na maji yanakuja Jumanne na Ijumaa. Kodi ya nyumba ilipanda kwa sababu alijua tutalipa. Angeweza kuandika "kutokana na Kombe la Dunia" na bado tungelipa. Kwa hivyo mtu akikuambia tusiguse ardhi ya matajiri kwa sababu mzigo utamrudia mpangaji, muulize kwanza kwa nini mpangaji amekuwa akipandishiwa miaka yote ambayo daftari lilikuwa limelala.

Jambo ambalo kizazi chetu hakiambiwi ni kwamba reti na shule hapa Nairobi ziliwahi kukaa nyumba moja. Kabla ya ugatuzi wa 2013, shule za msingi za umma za jiji zilikuwa chini ya Idara ya Elimu ya Baraza la Jiji, baraza lilelile lililokusanya reti. Sisemi zilikuwa peponi, Baraza la Jiji tunalijua. Lakini mwenye ardhi na mwanafunzi walikuwa kwenye kitabu kimoja cha hesabu. Katiba ya 2010 ikagawanya kazi: Jedwali la Nne likaipa kaunti chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, na serikali ya kitaifa ikachukua msingi, sekondari na vyuo vikuu. Nguvu ya kutoza ushuru wa ardhi ikabaki kwa kaunti. Hivyo leo unaingia kwenye kiwanja kimoja cha shule, darasa la chekechea ni la gavana, na darasa linalopakana nalo ukuta kwa ukuta ni la waziri. Bomba likipasuka katikati, kila mmoja anaangalia upande wake.

Na usiniambie kaunti haiwezi kuvuka ule ukuta. Tangu 2023 kaunti ya Nairobi inapika chakula cha mchana kwa watoto wa shule za msingi za umma, mpango wa Dishi na County, mtoto analipa shilingi tano. Sina mapenzi makubwa na City Hall, lakini sahani ya shilingi tano ni kitu unachoweza kukishika. Kwa hivyo ikitaka, njia inapatikana, mikataba inaandikwa na serikali mbili zinakaa meza moja. Ni kwenye pesa za kudumu, zile za madarasa na vyoo na walimu wa ziada, ndipo ghafla kila mtu anakuwa wakili wa katiba. Tuliona Januari 2025, Mdhibiti wa Bajeti Margaret Nyakang'o alipozitaka kaunti zisitishe basari hadi ziandikiane makubaliano na serikali ya kitaifa. Kisheria alikuwa na hoja. Nje ya makaratasi kulikuwa na mtoto mlangoni kwa mwalimu mkuu.

Kuna wanaosema basi tufuate Marekani, ambako ushuru wa nyumba na ardhi ndio unaobeba sehemu kubwa ya gharama za shule. Hapana, tusifuate hivyohivyo. Kule wilaya ya shule hula kile inachokusanya mtaani kwake. Mwaka 1968, huko San Antonio, Texas, wazazi wa wilaya maskini ya Edgewood, mmoja wao akiitwa Demetrio Rodriguez, walienda mahakamani. Wao walijitoza dola 1.05 kwa kila dola 100 za mali, majirani matajiri wa Alamo Heights walijitoza senti 85. Edgewood, iliyojitoza zaidi, ikapata dola 26 kwa kila mwanafunzi kutoka ushuru huo. Alamo Heights ikapata 333. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua Machi 1973, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba katiba yao haikatazi hilo. Ukileta mfumo huo hapa, Runda itajenga shule zenye bwawa la kuogelea kwa watoto ambao hata hawasomi shule za umma, na Mukuru itajitoza hadi ikauke ipate madawati matatu. Thamani ya Upper Hill haikutengenezwa na wenye Upper Hill peke yao. Imetengenezwa na barabara, na stima, na watu laki kadhaa wanaoamka saa kumi usiku Kayole na Githurai waje kufagia, kupika, kulinda na kuandika barua pepe pale. Mfuko uwe mmoja wa jiji lote. Muthaiga na Mathare zimetenganishwa na barabara tu.

Tena ardhi isiyolipa kitu ina tabia mbaya: inavutia wezi. Kama kushikilia kiwanja kitupu katikati ya jiji hakukugharimu chochote, unaweza kukizungushia ukuta na kungoja miaka kumi. Na kiwanja kitupu kilicho rahisi kuzungushiwa ukuta ni kipi? Uwanja wa shule, hasa shule isiyo na hatimiliki. Tarehe 19 Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Langata Road walirudi kutoka likizo wakakuta uwanja wao una ukuta. Wakausukuma ukaanguka. Polisi wakawatupia vitoa machozi, watoto wa miaka minane, kumi, wakiwa na sare. Uwanja ulirudi, kwa sababu kulikuwa na kamera. Ninaogopa kuhesabu pale ambapo hazikuwepo.

Najua jibu ambalo unalo tayari: wasee, ukiipa kanjo pesa, kanjo itakula. Ni hoja nzuri kuliko zote za wenye ardhi, na sina dawa yake kamili. Lakini angalia wanaoitumia. Hawaitumii barabara ya estate yao ikihitaji lami. Wizi wa City Hall unakumbukwa tu pale pesa zinapoelekea kwa mtoto wa mtu mwingine. Na hizi pesa za getini, ni nani anazikagua? Jirani yangu hajawahi kuonyeshwa hesabu ya 2,300 zake. Fungu la reti lililotengwa kwa shule linaweza kuandikwa kwenye sheria ya fedha ya kaunti, lina mkaguzi mkuu, na kiasi cha kila shule kinaweza kubandikwa getini, palepale panapobandikwa leo majina ya wasiolipa. Serikali ya kitaifa nayo, ambayo ina viwanja tele humu jijini na imekuwa ikidaiwa mabilioni na kaunti, ianze kwa kulipa chake.

Mswada wa Fedha wa kaunti huletwa kila mwaka, na sheria inalazimisha wakazi waulizwe maoni. Tangazo huwa dogo, ukumbi huwa mbali, na saa huwa ya kazi. Vyama vya wakazi wa mitaa ya kijani huja na mawakili na karatasi zilizopigwa chapa. Mwaka ujao nitaenda, na jirani yangu amesema nikimlipia siku yake, 500, atakuja pia na simu yake.