Maniema: Si kila mtutu unaochimbuliwa Kasongo ni wa Tippu Tip

Jembe likigonga chuma upande wa Kasongo ama Nyangwe, na chuma hicho kikionekana kuwa mtutu wa bunduki ya baruti, mtaa mzima unajua mbele ya jua kuzama: ni bunduki ya Tippu Tip. Kesho yake mnunuzi wa vyuma amefika, ama fundi mfua chuma, na bei inapandishwa kwa jina hilo. Kisha mtutu unaondoka, na hakuna aliyeuangalia vizuri.

Jina hilo linatolewa kwa haraka sana. Tippu Tip aliondoka Maniema mwaka 1890. Vita vilikuja nyuma yake: jeshi la Dhanis lilitwaa Nyangwe mwezi wa 3 mwaka 1893, na Kasongo mwezi wa 4. Watu wa Gongo Lutete, waliopigana upande wa Dhanis, walibeba nao bunduki za kushindilia baruti. Kwa hiyo hata mtutu wa wakati ule ungeweza kuwa wa upande wowote.

Chuma chenyewe kinasema zaidi kuliko wazee wanaobishana. Bunduki nyingi za biashara zilitengenezwa Liège, Ubelgiji. Huko mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kupita kawaida mbele ya kuuzwa. Ule uliovumilia ulipigwa muhuri: umbo la yai, ndani yake herufi ELG na nyota. Tangu Julai 1893 taji liliongezwa juu ya yai hilo. Hapo hesabu ni rahisi. Mtutu wenye taji juu ya ELG ulipigwa muhuri wakati Kasongo ilikuwa imekwisha anguka. Si wa Tippu Tip, hata mnunuzi akiapa.

Wengine wanajibu: lakini hii ni gumegume, ya kuwashwa kwa jiwe, lazima ni ya kale. Hapana. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulibana biashara ya bunduki za kisasa katika sehemu hii ya Afrika, lakini uliacha mlango kwa gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu. Viwanda vya Ulaya vikaendelea kuzitengeneza kwa ajili ya Waafrika, wakati majeshi yao wenyewe yalikuwa yamezitupa zamani.

Kuna pia mitutu isiyo na muhuri wowote. Mtutu wa kiwandani ni mnene upande wa baruti, unapungua kuelekea mdomo. Ukiwa na unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho, pengine ni bomba la maji lililogeuzwa bunduki na wafua chuma wa hapa hapa. Huo nao una historia yake, ingawa hakuna anayeupandishia bei.

Ubaya ni kwamba ushahidi unafutwa na watu wenyewe. Mtutu unasuguliwa kwa mchanga ung'ae, na muhuri unakwenda na kutu. Kitambaa chenye petroli ya taa kinatosha. Na mbele ya yote, usipelekwe motoni. Baruti nyeusi iliyobaki kavu ndani ya mtutu inaweza kulipuka hata nyuma ya miaka mingi. Kijiti kikiingizwa kwa mdomo na kukwama mbali na tundu la kuwashia, kuna kitu ndani, na mtutu huo uachwe palepale mpaka wenye ujuzi wa silaha waitwe. Chifu naye ajulishwe mapema, kwa sababu askari anayemkuta kijana njiani na mtutu begani hataulizia mwaka wa muhuri.

Picha ya muhuri, urefu wa mtutu, upana wa mdomo, jina la shamba: mwalimu mwenye simu na rula anamaliza kazi hiyo asubuhi moja. Mnunuzi anaweza kungoja mpaka mchana.