Chagua mafuta, lakini usisahau kijiko

Dada yangu mkubwa alipoambiwa na daktari mwaka jana kwamba kolesteroli yake imepanda na ni lazima apunguze uzani, alifanya lile ambalo wengi wetu tungefanya. Alikwenda dukani, akaacha mafuta ya kuganda aliyoyazoea tangu aolewe, akanunua mtungi wa lita tatu wa mafuta ya alizeti. Kwenye mtungi palichorwa moyo mwekundu na kuandikwa kwamba mafuta hayo hayana kolesteroli.

Miezi mitatu baadaye alirudi kliniki. Badala ya kupungua, alikuwa ameongeza kilo mbili. Alinipigia simu huku akilia. Mama yetu aliaga dunia kutokana na kiharusi, na dada alihofia kwamba naye ameshika njia iyo hiyo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake Umoja, nikakaa jikoni nikimtazama akipika sukuma wiki. Hakutumia kijiko. Aliinamisha mtungi tu, akamimina.

"Dada, mbona mengi hivyo?"

"Ah, mdogo wangu, haya si kama yale ya zamani. Haya hayana kolesteroli."

Hapo ndipo tatizo lilipokuwa, msomaji. Kolesteroli hutoka kwa wanyama: nyama, samli, siagi, mayai. Mafuta yote ya mimea hayana kolesteroli ya kuzungumziwa. Kwa hivyo maneno yale ya mtungini ni kweli, lakini hayakusaidii kuchagua.

Linalofaa kutazamwa ni aina ya mafuta yenyewe. Yapo yanayoganda kwa urahisi, ambayo yakizidi huinua kolesteroli mbaya katika damu. Mafuta ya nazi yana zaidi ya asilimia 80 ya aina hiyo, na mawese karibu nusu. Alizeti ina takriban asilimia 11 tu, mahindi 13 na zeituni 14. Kwa hiyo dada hakukosea alipochagua alizeti. Anayeweza kununua ya zeituni ni vyema, lakini asiyeweza asidhani kwamba amenyimwa afya.

Yapo pia mafuta yaliyogandishwa nusunusu kiwandani kwa haidrojeni. Hayo ndiyo mabaya zaidi kwa moyo, na mwaka wa 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe katika vyakula. Soma kibandiko kabla ya kulipa.

Lakini hakuna mafuta yasiyonenepesha. Gramu moja ya mafuta, yawe ya bei ghali au ya kupimiwa kioskini, ina kalori 9, ilhali gramu moja ya wanga au protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja ni kama kalori 120.

Tulichukua kalamu na karatasi. Mtungi wa lita tatu ulikuwa ukiisha kwa majuma mawili katika nyumba ya watu watano. Tulipogawanya, kila mmoja alikuwa akila karibu vijiko vikubwa vitatu kwa siku. Hizo ni kalori zaidi ya 300, na hapo hatujahesabu mandazi ya saa nne kazini wala chipsi za watoto. Dada alinyamaza kwa muda, kisha akacheka. "Kumbe nilikuwa nakunywa mafuta!"

Basi tulikubaliana hivi. Kwanza, kijiko kikae kando ya mtungi na mtu asimimine kwa macho. Sukuma wiki ya watu watano yatosha vijiko viwili. Kitunguu kikianza kushika sufuria, ongeza maji kidogo. Pili, chapati ipakwe mafuta kidogo kwa kijiko, isiogelee. Tatu, vya kukaanga ndani ya mafuta mengi viwe vya siku moja moja, na mafuta yaliyokuwa meusi au yanayotoa moshi yamwagwe. Nne, wapenzi wa tui la nazi wasiliache, ila lisiwe la kila siku.

Usiyaondoe mafuta kabisa, kwa maana mwili huyahitaji ili kupata vitamini A, D, E na K kutoka kwa chakula. Na mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe katika mpango wa mama wa kupunguza uzani; yeye bado anajengwa. Aliyepewa dawa na daktari naye asiziache kwa sababu amebadilisha mafuta.

Siku hizi mtungi wa dada hukaa majuma manne. Shemeji alinung'unika siku za kwanza kwamba mboga imekauka, lakini sasa hata yeye husonga sahani karibu. Dada alipopimwa mwezi uliopita, kilo zile mbili zilikuwa zimeondoka pamoja na nyingine tatu. Kolesteroli bado inafuatiliwa. Ila jioni ile aliponipigia simu, hakuwa analia.